Mikono ya Saa Nne

Katika nyumba ile kulikuwa na kopo moja la mafuta ya kupaka lililokaa juu ya kabati, mahali ambapo hata paka hafiki, na ole wake mtoto atakayeonekana akilichungulia. Kila mwezi Mama Pacha alikwenda dukani kununua jingine, akalifuta vumbi, akaliweka pale pale. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuchovya hata ncha ya kidole. Mafuta yale yalikuwa ya mikono ya mumewe, na mikono yenyewe ndiyo iliyolisha watu watano.

Mumewe alikuwa mikono ya televisheni. Msicheke, kazi hiyo ipo. Katika stesheni ile ya kuuza bidhaa, mtangazaji husimama akasifia mpaka mate yakamkauka, lakini kamera ikisogea mezani unaona mikono miwili tu ikikata, ikifuta, ikikunja, ikifungua vifuniko. Basi hiyo ndiyo ilikuwa yake. Uso wake haukuonyeshwa hata siku moja. Mtaani walimwita Mikono, akaitika.

Sasa mikono ya namna hiyo ina masharti kuliko mwali. Haioshi vyombo, haishiki nyundo, haibebi maji, haifungui hata chupa yenye kifuniko kigumu. Jioni alipofika nyumbani aliipaka mafuta, akavaa glavu nyeupe za pamba, akakaa kitini. Taa ikiungua, Mama Pacha ndiye aliyepanda juu ya meza. Mlango ukitoka bawaba, yeye. Nguo za watu watano na mashuka ya mama mkwe, yeye, kwa mkono, kwenye karai la uani. Mama mkwe, ambaye mgongo ulishamkatalia kuinama, alikuwa na neno lake moja: “Mwanangu asiguse kitu, jamani. Hiyo mikono ndiyo shamba letu.”

Mikono ya Mama Pacha ilikuwa imepasuka kila kiungo. Akienda shuleni kusaini karatasi za wale mabinti zake pacha, alisaini haraka haraka, kisha akairudisha chini ya mtandio.

Jumatano moja mumewe akarudi mapema, akakaa bila kuvua viatu.

“Leo meneja ametuita wote,” alisema. “Jumamosi ndiyo mwisho wa mchezo.”

“Mchezo gani? Sema nikuelewe.”

“Watu hawapigi simu, Mama Pacha. Wanaotununua ni wazee, na wazee wanatuaga mmoja mmoja. Vijana wananunua kwenye simu zao, wamelala chali. Amebaki tajiri mmoja tu, yule wa ndoo za kukamulia nguo. Jumamosi saa nne asubuhi ametupa saa moja ya majaribio. Simu zikifika mia mbili, anainunua saa ile kwa miezi sita na stesheni inapumua. Zisipofika, mwisho wa mwezi wanazima mitambo.”

Mama mkwe akashusha kikombe. “Wakizima, wewe utakuwa nani?”

“Ndilo nalotaka kujua, mama.”

“Hutakuwa mtu mwingine,” Mama Pacha akadakia. “Utaikamua hiyo ndoo mpaka tajiri alie kwa furaha. Vua viatu.”

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini moyoni mlikuwa mmeshaingia baridi. Aliwaza ada, akawaza kodi ya nyumba, akawaza dawa za mgongo za mama mkwe. Kisha akainuka akaenda kufua, maana nguo hazikujua habari za tajiri.

Alhamisi mumewe aliondoka alfajiri. Alisema ni mazoezi ya ndoo. Alirudi jua linazama, glavu ameshazivaa tangu njiani, akala kwa kijiko huku amegeukia ukuta, akalala.

Ijumaa asubuhi pacha mmoja, yule mwenye macho ya mpelelezi, alisimama juu ya kiti akafikia kabati.

“Shuka hapo!” mama yake akafoka.

“Sigusi, mama. Naangalia tu. Kopo la baba halijapungua. Jana hakupaka.”

Mama Pacha alilijua kopo lile kama mwingine anavyoujua mshahara wake. Akalishusha, akalifungua. Kweli. Mafuta yalikuwa yamesimama pale pale yalipokuwa juzi. Akalirudisha taratibu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

“Baba Pacha, vua glavu.”

“Za nini asubuhi yote hii?”

“Vua.”

“Nitavua baadaye, bwana, mbona unanishika kama mwizi?”

Akaushika mkono wa kulia mwenyewe na kuivuta glavu. Haikutoka. Ilikuwa imeganda. Mumewe alikunja uso, na mle ndani ya pamba nyeupe Mama Pacha akaona doa la rangi ya kutu. Alileta maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akailoweka mikono yote miwili, akasubiri, kisha akazivua glavu polepole. Viganja vilikuwa vimechunika. Vidole vilijaa malengelenge yaliyopasuka na vijiti vya mbao vilivyozama ndani ya nyama.

“Loo!” alisema. “Loo, Baba Pacha! Umefanya nini?”

Ikabidi aseme. Alikuwa amekwenda yadi ya mbao, ile iliyo nyuma ya stendi, kuomba kibarua. Msimamizi alimshika mkono kumsalimia, akashtuka, akawaita wenzake: “Njooni mshike hiki!” Wakaja mmoja mmoja wakaushika, watu wazima na ndevu zao, wakicheka mpaka wakajishika mbavu. Mmoja alimuuliza kama harusi yake ni leo au kesho. Hapo jeuri ikampanda. Alishusha mbao kutoka kwenye malori mpaka yakaisha, na glavu alizokuwa nazo mfukoni hakuzitoa, kwa aibu.

“Siku mbili tu!” Mama Pacha alisema, na sauti ikampasuka. “Hukuweza kusubiri siku mbili?”

“Nilitaka wakizima mitambo nije kwako na jibu, nisije na mikono mitupu.”

“Mikono mitupu! Miaka kumi na minne mimi napanda juu ya meza kwa ajili ya mikono hii. Nimebeba, nimepigilia, nimefua mpaka kucha zimenitoka. Halafu wewe unakwenda kuichana kwenye mbao kwa sababu wanaume wamekucheka?”

“Na mimi je?” Mumewe akainua kichwa. “Miaka kumi na minne nimekaa kwenye kile kiti nikikutazama unavyopanda. Unadhani ilikuwa raha? Mwanangu ananiletea penseli nimchongee, namwambia mpelekee mama yako. Nilitaka nijue kama mimi ni mtu, Mama Pacha, au ni mikono tu.”

Mama Pacha alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua sindano, akaanza kumtoa vijiti, kimoja kimoja. Mumewe akakaza meno na hakulia, ingawa machozi yalikuwa karibu kwa wote wawili.

“Tumkimbilie meneja leo hii?” hatimaye mume aliuliza.

“Akijua leo atampigia tajiri kuahirisha, na tajiri akiahirishiwa harudi. Twende kesho pamoja. Pale pale tutajua la kufanya.”

“Tutajua lipi?”

“Hata mimi sijui. Tulia nikufunge.”

Jumamosi, zikiwa zimebaki dakika arobaini, meneja wa stesheni aliitazama ile mikono miwili iliyofungwa bandeji kama mtu anayetazama gari lake likiteketea. Alikuwa mwanamume mnene mwenye shati lililobanwa na tai, na jasho lake halikungoja ruhusa.

“Unaniua,” alisema. “Mwenzangu, unaniua mchana kweupe.”

Akamgeukia mtangazaji, mwanamke mmoja mrefu mwenye sauti tamu na kucha ndefu nyekundu. “Wewe utaonyesha mwenyewe.”

Mtangazaji alijaribu. Aliushika mpini wa ndoo, akauzungusha mara moja, ukucha ukakatika na kurukia upande wa taa. “Meneja,” alisema akinyonya kidole, “mimi nalipwa kusema.”

Pale nyuma, kwenye kiti cha plastiki, tajiri wa ndoo alikuwa ameshaketi. Alikuwa mzee mkavu, hana hili wala lile, anatazama saa yake ya mkononi.

“Nitafanya mimi,” Mama Pacha akasema.

Meneja akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza amegundua kuna mtu. “Wewe nani?”

“Mkewe. Kukamua nguo ndiyo kazi yangu tangu nimejua kusimama.”

“Hebu lete mikono.”

Akaitoa chini ya mtandio. Meneja aliigeuza, akaigeuza tena, akaiachia. “Mama, samahani, hii ni televisheni. Watu wanakula nyumbani.”

Maneno yale yalimwingia. Uso ukamuwaka moto, na mumewe akapiga hatua moja mbele, lakini Mama Pacha alimzuia kwa kiwiko. Hakuja pale kutafuta sifa.

“Una mingine?” aliuliza.

Hakuwa nayo. Akaitwa binti wa vipodozi. Binti yule alipaka krimu ya rangi, akapaka tena, akamwagia poda, na poda ikazama ndani ya nyufa na kubaki humo, mikono ikaonekana kama imetoka kukanda unga. Binti akaanza kucheka, kisha akaona haya.

“Mwanangu, niletee maji ninawe,” Mama Pacha akamwambia. “Tunapoteza muda.”

Akanawa. Dakika zikawa kumi. Mumewe akamweleza mambo upesi upesi: taa itakuwa kali, usiitazame, kamera iko juu ya kichwa, usipeleke mikono nje ya mstari wa chaki, mimi nitakuwa nyuma ya kamera, nitakuonyesha. Meneja akaongeza lake: “Na kumbuka, mikono haisemi. Hata chafya, imeze.”

Mama Pacha aliitazama meza. Palikuwa na ndoo, birika la kioo la kumiminia maji, na kitambaa kidogo cheupe kilichokunjwa vizuri, kimelowa kidogo tu.

“Hiki ndicho cha kukamua?”

“Ndicho tunachotumia,” mumewe akanong’ona.

“Hiki hata mtoto anakikamua kwa vidole viwili. Nani atanunua ndoo kwa ajili ya leso?”

“Mama Pacha, usianze.”

Taa zikawaka.

Mtangazaji akamimina sauti yake tamu, karibuni wapendwa wateja, saa nne imetimia, leo tuna mkombozi wa kila nyumba. Kamera ikashuka mezani. Kwenye televisheni ndogo pembeni Mama Pacha aliiona mikono yake, kubwa kuliko alivyowahi kuiona, kila ufa peupe, na kwa muda akatamani kuitoa na kukimbia. Kwenye kibao cha ukutani, pale zinapohesabiwa simu, palisomeka sifuri.

Akakiweka kitambaa ndani ya ndoo, akazungusha. Matone mawili yakatoka. Kibao kikasoma tatu. Dakika kumi zikapita, kumi na tano, mtangazaji anasifia, mikono inazungusha, tajiri anatazama saa. Kibao kimefika kumi na moja. Meneja alikuwa ameshafumba macho.

Hapo Mama Pacha akachoka. Alikisukuma kitambaa kando, akashika kitambaa kizito kilichofunika meza yenyewe, akakivuta chote kutoka chini ya ndoo na birika, akakizamisha kwenye beseni la maji lililokuwa chini ya meza. Mtangazaji akakata maneno katikati. Meneja alifumbua macho, akashika kichwa.

Kitambaa kilipanda kutoka kwenye maji kizito kama mtoto aliyelala. Kwanza akakikamua kwa mkono, kama anavyofanya nyumbani na mashuka ya mama mkwe: akabana ncha moja chini ya kwapa, akasokota, akabadilisha, akasokota tena mpaka vifundo vya vidole vikaota weupe. Maji yakatiririka beseni zima. Ufa mmoja wa kidole gumba ukafunguka, kikatoka kitone cha damu, akakifuta kwenye sketi na kuendelea. Akakamua mpaka pakawa hapatoki kitu, kisha akakiinua mbele ya kamera kikatulia, hakidondoshi.

Halafu mtangazaji, bila karatasi, kwa sauti ambayo haikuwa tamu hata kidogo, akasema, “Jamani. Mama yangu alikamua hivi hivi.”

Mama Pacha akakitia kile kitambaa ndani ya ndoo. Nyuma ya kamera mumewe aliinua mikono yake ya bandeji: polepole kwanza. Akazungusha polepole. Sasa kaza. Akakaza. Kaza tena, tena, simama! Akasimama, akafungua bomba la chini la ndoo, na maji yakaingia kwenye birika la kioo, yakapanda, yakapanda, mpaka likajaa nusu. Yote hayo yalikuwa yamebaki ndani ya nguo ambayo mwanamke mwenye nguvu alikuwa ameshaimaliza.

Simu zikaanza. Moja ikaunganishwa hewani, kama desturi yao, ili mteja asifie bidhaa. Ilikuwa sauti ya bibi mzee.

“Bei nimeiona, sikupiga kwa bei,” alisema. “Nauliza huyo mama anapaka nini kwenye mikono. Yangu iko hivyo hivyo na usiku inaniuma.”

Mtangazaji akafungua mdomo. Mama Pacha akasahau kwamba mikono haisemi.

“Sipaki kitu, mama,” alisema.

“Kwa nini, mwanangu?”

Akainua macho. Mbele yake mumewe alikuwa ameteremsha mikono yake ya bandeji, anatazama chini.

“Basi naitaka hiyo ndoo,” bibi akasema. “Na wewe waambie wakupe moja.”

Kibao kikapanda. Hamsini, tisini, mia na thelathini. Meneja alihesabu kwa midomo kama anayesali. Saa tano ilipogonga na taa kuzimwa, kikasimama: mia moja sabini na moja.

Hazikufika. Kila mtu aliona kwamba hazikufika, na kila mtu akamgeukia mzee kwenye kiti cha plastiki. Mzee akainuka, akajinyoosha mgongo.

“Nilisema mia mbili kwa miezi sita,” alisema. “Kwa hizi nawapa mitatu. Lakini nataka mikono hiyo hiyo. Ile ya siku zote ilinionyesha ndoo ya watu wasiofua.”

Akaenda zake. Meneja alirukaruka kama mtoto, kwa mwili ule, akamkalisha Mama Pacha ofisini, akachapa mkataba wa ukurasa mmoja, akamsogezea kalamu. Mama Pacha hakusaini haraka haraka. Alisoma mstari kwa mstari.

“Hapa pameandikwa nini? ‘Mhusika hatapaka mafuta, krimu wala kitu chochote cha kulainisha.’”

“Si umemsikia tajiri? Mikono ibaki vile vile. Wewe fua tu kama kawaida yako.”

“Miaka kumi na minne nimejinyima mafuta, na hakuna aliyenilazimisha kwa karatasi. Leo uniandikie?” Akairudisha kalamu. “Futa.”

“Ikilainika ataondoka, mama! Tutakufa wote.”

“Mikono haisahau miaka kumi na minne kwa miezi mitatu. Na akiondoka, ataondoka. Nitazungusha ndoo kwa mikono niliyonayo siku hiyo. Futa, au mtafute mwingine mwenye nyufa, mumshawishi asitamani kupona.”

Mumewe, aliyekuwa mlangoni, alisema polepole, “Meneja, hatanii huyo.”

Meneja akapumua, akaukata ule mstari kwa kalamu, akatia sahihi pembeni.

“Na baada ya miezi mitatu?” Mama Pacha akauliza.

“Baada ya miezi mitatu sijui kama hata mimi nitakuwa na kiti hiki,” meneja akajibu, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema kweli tupu.

Akasaini.

Nyumbani waliwakuta wale pacha uani, wamelivamia karai la nguo. Mume akavua viatu, akakunja suruali, akaingia karaini kukanyaga mashuka kwa miguu. Hakuwa amefanya hivyo tangu aoe. “Nitairudia yadi,” alimwambia mkewe akiwa mle ndani ya povu. “Si kesho, mikono ikipona. Safari hii nitavaa glavu, wacheke watakavyo.”

“Watacheka.”

“Najua.”

Ndani, mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Hakuinua macho mkwewe alipoingia.

“Mliniona, mama?”

“Niliona mikono,” mama mkwe akasema. “Nikawauliza hawa watoto, huyu mama maskini wamemtoa wapi, mbona ameteseka hivi, hana watu? Wakaniambia, bibi, huyo si mama?” Ndipo akainua macho. “Nakula kwa mikono ile kila siku. Nalalia mashuka yake. Nilikuwa sijaiona.”

Mama Pacha hakujua pa kutazama. Akakaa chini kwenye mkeka.

Mama mkwe akamwita pacha mpelelezi. “Panda kwenye kiti. Lile kopo la baba yako, lilete.”

Mtoto akamtazama mama yake kwanza. Kisha akapanda.

Mafuta yaliuma yalipoingia kwenye nyufa, yakauma mpaka Mama Pacha akavuta pumzi kwa meno, lakini mama mkwe hakumwachia. Alipaka kidole kimoja baada ya kingine, akachota, akapaka tena, na machozi yalimtoka Mama Pacha akayaacha yatoke. Kopo lilipungua sana siku ile, na hakuna aliyekemewa.